Jogoo Ambaye Rahabu Hajawahi Kumwona

Kwenye ukoo wa mume wangu, binti haolewi mpaka shangazi yake asikie jogoo akiwika. Jogoo huyo analetwa na upande wa mchumba, anakabidhiwa shangazi mkononi, analala nyumbani kwake. Asubuhi shangazi anatoka nje na kutangaza kama amewika au hajawika. Akiwika, wazee wanaketi kuzungumza mahari. Shangazi akimkataa, au jogoo akinyamaza, wageni wanarudishiwa ndege wao na mlango unafungwa. Hakuna kuleta mwingine. Hakuna kurudi mwaka unaofuata na kreti la soda.

Mimi nimetoka ukoo mwingine. Kwetu walitaka ng'ombe na blanketi la babu, basi, kwa hiyo mila hii nimekuwa nikiitazama kwa macho ya mgeni, na maoni yangu nimeyameza. Haikuwa na madhara. Hapa ni Singida, watu wanatoka Dar es Salaam kufuata kuku wetu. Kumpata jogoo asiyewika ni kazi kubwa kuliko kumpata anayewika. Mabinti wote wa ukoo wameolewa bila shida. Mila ilikuwa kama kufuli kwenye mlango usio na ukuta.

Mpaka Peniel alipomtaka binti yangu Eliana.

Peniel ni kijana wa Misigiri, kule Iramba. Hanywi, hasemi sana, na ni mfugaji. Hilo la mwisho lilinifurahisha, maana mimi nina stashahada ya mifugo, nimefanya kazi ya ugani mpaka soli za viatu zikaisha, na hapa Mandewa nina banda la kuku linalolisha nyumba. Nikasema Mungu amenipa mkwe wa kuzungumza naye. Kisha Eliana akanipeleka kwao nikaona anachofuga.

Alikuwa na mabanda ya wavu mazuri kuliko nyumba za walimu. Ndani yake kulikuwa na ndege ambao asili yao ni misitu na milima ya Asia. Mmoja alikuwa na nywele za njano kichwani kama mwanamuziki, na tumbo jekundu. Mwingine shingo ya kijani na pete nyeupe. Wa tatu alikuwa mweupe mgongoni na mkiani, mweusi tumboni, uso mwekundu kama aliyepigwa kofi. Wote anawaita fezanti: wa dhahabu, wa pete, wa fedha. Akaniambia huko Asia wako aina nyingi sana, hao ni wachache alioweza kuwapata kwa mfugaji wa Arusha, pamoja na vibali. Majike yao, wa aina zote, walikuwa na rangi ya udongo. Kama kawaida, baba anavaa, mama anaatamia.

Nikamuuliza wanataga mayai mangapi. Machache, akasema, tena kwa msimu. Nikamuuliza nyama yao ikoje. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa ladha ya mama yake. Akaeleza taratibu kwamba wanunuzi wake ni wenye hoteli na wenye bustani, watu wanaonunua ndege ili wamwangalie.

Wakati wa kurudi nikamwambia Eliana kwamba kijana ni mzuri ila anafuga mapazia. Eliana akanijibu kwamba hayo mapazia yamemjengea nyumba na kisima, na kuku wetu wametujengea nini. Nikatazama nje ya dirisha la basi. Mtoto ukimsomesha mpaka ualimu, usishangae akikufundisha.

Ukweli ni kwamba nilimtaka Peniel kama Eliana alivyomtaka, labda zaidi. Kabla yake kulikuwa na mmoja wa mjini aliyemfanya mwanangu alie kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Peniel akimwahidi kuja saa nne, saa nne yuko mlangoni. Mwanamke mwenye akili anajua thamani ya kitu hicho.

Sasa njoo kwa wifi yangu Rahabu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na majogoo wote wa ukoo wamepita mikononi mwake. Nampenda, lakini ana mdomo. Mshenga wa Peniel alikuwa mjomba wake, Chediel. Alipokuja kuuliza kwa heshima shangazi anapendelea jogoo wa namna gani, Rahabu angeweza kujibu kama watu wote: mwekundu, asiye na kilema. Badala yake akajiweka sawa kwenye kiti.

"Baba," akamwambia, "nimepokea wekundu, weupe, wa madoa. Nimepokea kuchi mrefu kama askari. Nimepokea kishingo asiye na unyoya shingoni, na kidimu mwenye manyoya yaliyosimama kama ameona chui. Niletee ambaye sijawahi kumwona."

Hayo yalikuwa majigambo. Mnyaturu yeyote wa hapa kwetu angejua ni majigambo, angecheka, na angeleta jogoo mwekundu. Lakini Chediel ni Mnyiramba, na mbele ya watani zake hakutaka kuonekana kabila lake limeshindwa na jogoo. Akayapeleka maneno Misigiri kama yalivyo. Na Peniel, ambaye ukimwambia lete chumvi haongezi pilipili, akayapokea kama yalivyo.

Walikuja Jumamosi. Sebule yangu ilijaa. Shemeji yangu Alute, mkubwa wa ukoo, alikaa kwenye kochi la katikati akiwa na fimbo yake. Mume wangu Mughwai alikaa pembeni. Kwenye vikao yeye husema "mh" na ukoo umeshajifunza kuitafsiri. Rahabu alivaa kitenge kipya na kiatu kinachombana. Shikamoo zilipita, marahaba zikarudi, wakanywa maji. Chediel akasimama na tenga lililofunikwa kwa khanga, akatoa hotuba kuhusu heshima ya shangazi, akaliweka miguuni kwa Rahabu. Rahabu akafunua.

Yule fezanti wa fedha akatoka mwenyewe. Hakurupuka. Alipanda juu ya ukingo wa tenga, akanyoosha mkia mweupe mpaka ukagusa meza, akatutazama mmoja mmoja kwa ule uso mwekundu kama mkaguzi aliyefika shuleni bila taarifa. Nilimwangalia Peniel. Alikuwa anatabasamu. Nilitamani ardhi impasukie yeye kwanza, kisha mimi.

Alute ndiye aliyeanza. "Huyu ni nani?"

Chediel akasema ni jogoo.

"Nimeuliza ni nani," akasema Alute. "Jogoo namjua. Nyie Wanyiramba mtu akiwaomba mbuzi mnamletea twiga mkasema ana miguu minne."

Watani wakacheka, upande mmoja zaidi ya mwingine. Peniel akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi alisema ambaye hajawahi kumwona," na kicheko kikaisha, kwa sababu ilikuwa kweli na kila mtu aliyekuwepo siku ile aliisikia. Rahabu alikuwa amemwinua ndege, amemweka mapajani, na kwa kidole kimoja anafuata ile mistari myembamba myeusi iliyochorwa juu ya mabawa meupe.

Alute akaanza kesi. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba jogoo ana kilemba chekundu kichwani, na huyu hana. Chediel akajibu kwamba kuchi naye kilemba chake ni kama chunjua, mbona hamjamfukuza. Alute akahamia mkiani: mkia wa jogoo unapinda kwenda juu, huu unaburuzwa kama gauni la bibi harusi. Hapo mume wangu akafungua mdomo na kusema sentensi yake ya mwaka, kwamba yule jogoo wetu wa kibandani hana mkia kabisa na bado kuku wote wanamheshimu. Alute akamtazama mdogo wake kama aliyesalitiwa. Akasema basi, jogoo anachakura. Rahabu akamshusha ndege sakafuni, na ndege, bila kuombwa, akaanza kuchakura zulia langu. Zulia jipya.

Nilikuwa karibu kupumua. Ndipo Alute akagonga fimbo chini na kusema hakuna haja ya kubishana wakati ndani ya nyumba kuna mtaalamu. Akanigeukia. "Shemeji, wewe umesomea wanyama hawa. Serikali imekupa cheti. Tuambie. Huyu ni jogoo au si jogoo?"

Eliana alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Hakuniomba kwa mdomo. Macho yake yalitosha. Neno moja tu, "jogoo", na kesi ingekwisha. Lakini mimi nimekataa kuwaandikia watu kwamba ng'ombe wao amechanjwa wakati hajachanjwa, nimegombana na majirani kwa hilo, na Alute anajua. Ndiyo sababu aliniuliza mimi. Nikisema uongo hapo, kila nitakalosema kwenye ukoo huu kuhusu ugonjwa, chanjo au dawa litakuwa la mama anayetetea binti.

Nikawaambia nilichofundishwa na nilichoendelea kusoma. Kwamba kuku wote duniani, wa Alute na wa kwangu, asili yao ni misitu ya Asia. Mpaka leo huko porini wako ndugu zao aina nne: mwekundu, wa kijivu anayekaa India, wa Sri Lanka, na wa kijani wa Java na visiwa jirani. Wetu wanatokana hasa na yule mwekundu, na wale wenye miguu ya njano rangi hiyo wamerithi kwa wa kijivu. Kwamba hao, pamoja na fezanti, tausi na kwale, wote wamewekwa kwenye familia moja kubwa.

"Subiri," akasema Alute. "Unaniambia kuku wa Singida alikuja na meli?"

"Babu yake, ndiyo, shemeji."

"Huyu tunayemwita wa kienyeji?"

"Huyo huyo."

Nadhani nilimuumiza Alute zaidi hapo kuliko nilipokataa jina alilompendekezea kifunguamimba wangu. Chediel akadaka nafasi haraka: kama wote ni familia moja na wote wametoka Asia, basi huyu naye ni jogoo, tena mwenye makaratasi.

Ningeweza kunyamaza. Hapo ndipo mtu mwenye busara hunyamaza. Nikasema hapana. Nikasema familia ni kubwa, na ndani yake kuna nyumba nyingi. Zamani wataalamu walizipanga kwa kutazama manyoya na mikia, wakadhani fezanti wote na kuku ni nyumba moja kwa sababu madume yao yanapenda kujipamba. Walipokuja kupima vinasaba, mambo yakabadilika. Kuku akaonekana yuko karibu zaidi na kwale fulani, wale wa vichakani tunaowarushia mawe, kuliko na fezanti wa aina hii. Na fezanti huyu, kwa damu, yuko karibu zaidi na bata mzinga.

"Bata mzinga," akasema Alute, polepole, kama hakimu anayesoma shitaka.

Sinia liliwekwa chini jikoni kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Peniel aliinamisha kichwa. Akasema kama wazee watamruhusu atakimbia sokoni sasa hivi, jogoo mwekundu atapatikana kabla chai haijapoa. Alute akamwambia kwa upole wa kweli kwamba anajua hilo, na kwamba hata yeye angependa, ila mila hairuhusu ndege wa pili. Leo ukoo ukimruhusu mmoja, kesho watakuja na njiwa. Ndege si jogoo, mtaalamu amesema. Ndege arudishwe, wageni wapewe chakula, waende kwa amani.

Chediel alisimama kuchukua tenga. Mimi nilisimama pia, kwa sababu miguu ilikataa kukaa. Na kwa kuwa nilikuwa nimesimama ndipo nikaona kitu ambacho waliokaa hawakukiona. Rahabu alikuwa amemrudisha ndege mapajani. Mkono mmoja ulikuwa chini ya kifua chake, wa pili ulikuwa umekunja pembe ya kile kitenge kipya na kumfunika mabawa asipate baridi. Ndege alikuwa amefumba macho. Rahabu, ambaye amechinja majogoo wa ukoo mzima bila kusita, alikuwa amempakata kama mjukuu.

Sijawahi kuwa mtu wa kuzunguka. Nikamwambia, "Wifi, mrudishie mgeni ndege wake."

"Nimesikia."

"Basi mpe."

"Mama Eliana, usiniharakishe. Miguu inaniuma."

"Miguu haishiki ndege. Mpe mjomba ndege wake, gari lao linawasubiri."

Chediel alinyoosha mikono. Rahabu alimtazama, akatazama mikono, akageuza mapaja upande wa pili. Kisha akamuuliza mdogo wake Alute, kwa ile sauti aliyokuwa akimwitia wakati anamwogesha utotoni, mila inasema nini hasa. Alute akasema inasema jogoo. Rahabu akamuuliza inasema wapi kwamba jogoo lazima awe ndugu wa kuku. Alute akasema hiyo ni kama kuuliza wapi imeandikwa kwamba bibi harusi lazima awe mtu. Rahabu hakucheka.

"Mila inasema alale kwangu, na nisikie akiwika," akasema. "Nani alipewa masikio ya kumsikiliza, ni Mama Eliana na diploma yake au ni mimi? Huyu analala kwangu. Kesho nitawaambia."

Akasimama na ndege wake, akavaa viatu vyake vinavyobana, akatoka. Hakuna mwanamume aliyemzuia. Chakula kilichopikwa kwa ajili ya kuwaaga wageni tukakila kama chakula cha kuwalaza. Eliana alinipakulia wali bila kunitazama, na ukoko ninaoupenda akampa baba yake.

Asubuhi niliamka kabla ya majogoo. Nilisimama karibu na uzio wa michongoma nikisikiliza upande wa Rahabu. Majogoo wangu walipoanza waliitikiwa na wa jirani, na wa jirani wakaitikiwa na Mandewa yote, mpaka huwezi kujua nani ni nani. Kelele zilipopungua nikasikia, kutoka ukumbini kwa wifi yangu, filimbi moja kali, halafu mngurumo wa chinichini kama mzee anayetafuta miwani, halafu mabawa yakipigwa haraka haraka. Basi. Nami nikajua kwamba mtu wa Singida hawezi kuiita hiyo kuwika hata ukimlipa.

Jua lilipochomoza wote tulikuwa uwanjani kwake, maana tangazo hutolewa nje. Alute alikuwa amelala kwetu na alitangulia kusema kwamba yeye alikesha na hakusikia jogoo yeyote mgeni. Mlango ukafunguka. Rahabu akatoka, ndege nyuma yake bila kamba, anamfuata kama mtu na mwajiri wake.

"Amewika," akasema Rahabu.

Alute akamuuliza amewikaje. Mila haijawahi kuuliza swali hilo, na wote tulijua, lakini Rahabu hakuwa na mahali pa kukimbilia. Ni mama wa kanisa, mwanakwaya wa sauti ya kwanza, mtu ambaye hata pikipiki za hapa mtaani humpisha. Alitazama juu. Akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga filimbi iliyowafanya mbwa wa mtaa wa pili wabweke. Akanguruma. Kisha akainua viwiko vyote viwili na kuvipigapiga ubavuni, kwa bidii, mpaka kilemba kikamshukia usoni.

Hakuna aliyecheka. Mume wangu alitoka akaenda kusimama nyuma ya choo, mabega yakimtikisika, lakini tuseme hakuna aliyecheka.

Alute alifuta uso kwa leso. Akanigeukia tena, na safari hii hakuwa na uso wa hakimu, alikuwa na uso wa mtu aliyechoka anayetafuta pa kushika. "Shemeji. Hiyo ni kuwika?"

Eliana alikuwa pembeni ya Peniel. Hakunitazama, nadhani alikuwa ameshakata tamaa na mimi.

"Shemeji," nikasema, "jogoo hawiki ili atuamshe. Hilo ni letu sisi. Anawika ili kila dume linalosikia lijue hapa pana mwenyewe, lisisogee. Huyu amefanya kazi hiyo hiyo, kwa sauti aliyopewa. Jana uliniuliza ni ndege gani, nikakwambia, na leo sibadilishi. Si kuku. Leo umeniuliza kama amewika. Amewika."

Alute alimtazama ndege. Ndege akapiga mabawa tena, bila sauti, akatembea mpaka kwenye kiatu cha Alute na kukidonoa kamba.

"Ana dharau kama jogoo," akasema Alute.

Mume wangu, ambaye alikuwa amerudi, akasema "mh", na ilitafsirika vizuri.

Rahabu hakungoja kikao kifungwe. Alikuwa ameshamshika Peniel mkono na anamwambia kwamba mwanamume hawezi kukaa peke yake kwenye nyumba kubwa kama ile, na jike la huyu liletwe wiki hiyo hiyo, lile la rangi ya udongo, hajali rangi. Peniel akasema ndiyo shangazi. Rahabu akaongeza na banda la wavu pia, asije paka. Ndiyo shangazi. Eliana akaja akasimama karibu yangu. Hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile habari ya bata mzinga ilikuwa lazima. Nikamwambia ilikuwa kweli. Akasema hakuuliza hivyo, kisha akanishika kiuno, tukabaki hivyo.

Wanaume wakaingiza viti kivulini. Alute akakohoa, akaiweka fimbo mapajani, akamwambia Chediel wazungumze mahari sasa, na waanze na ng'ombe, ili kwa mara ya kwanza tangu jana wote waongelee mnyama wanayemjua.